Babu Geti na Wanyama Wasiokuwepo

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitawaambia, kwa sababu mwenyewe alikuwa na majibu mengi kupita kiasi. Leo katokea milimani upande wa Berega, kesho mama yake ni mtu wa Magole, keshokutwa kaokotwa porini akanyonyeshwa na tembo jike. Tukaacha kuuliza. Kijijini kwetu, njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, kila mtu alimwita Babu Geti, maana kazi aliyoifanya mpaka akastaafu ilikuwa kuinua na kushusha lile gogo la kwenye geti la hifadhi. Gari likija, anainua. Likipita, anashusha. Basi, hiyo ndiyo kazi. Lakini ungemsikia anavyosimulia, ungedhani simba wa Mikumi walikuwa hawalali mpaka waje kwanza kuaga kwake.

Alipohamia kijijini alikuja na mkewe, Bibi Geti, na kofia ya kijani iliyokwisha rangi, na tabia ya kazini. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya njia ya kupanda mlimani. Unajua alifanya nini? Alikata mwanzi mrefu, akaupaka chokaa, akaulaza kukatiza njia. Watu wanaokwenda kuni, wanaokwenda shamba, wanaotoka kwenye maombi, wote wanasimama mbele ya mwanzi wa mtu aliyestaafu. Unamwamkia shikamoo, haitiki. Anainua mkono kwanza.

"Simama hapo. Unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini?"

Ukimaliza kujibu ndipo anasema marahaba na kuinua mwanzi. Siku moja mama yangu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alifika pale na jua kali na tumbo la mdogo wangu wa mwisho.

"Shikamoo Babu. Natoka kwangu, nakwenda shambani kwangu, nimebeba mimba. Fungua."

Babu Geti alifungua palepale. Alimheshimu mama tangu siku ile, na mimi nikapata faida, maana nilikuwa napita bila kuhojiwa sana. Nilikuwa darasa la nne, nina masikio makubwa na kazi chache, kwa hiyo nilishinda pale getini kwake nikimsikiliza akidanganya.

Na kudanganya alijua! Mtu yule alikuwa haongezi chumvi, alikuwa anapika chumvi tupu. Mwenyewe alisema kuna simba mmoja alikuwa anamwamkia kwa kuinua mguu wa mbele. Alisema twiga wa Mikumi wanajua siku ya Ijumaa. Alisema aliwahi kumtoa mwiba tembo dume, tembo akatoa machozi, na machozi yale yakajaza ndoo, na ndoo ile aliifulia shuka. Ukimwuliza shuka liko wapi, anakwambia liliibwa na nyani.

Nyani ndio wanyama pekee aliowachukia waziwazi. Tembo, simba, mbwa mwitu, hata fisi, wote aliwaita "watu wangu". Nyani hapana. Miaka yote ya kazi walimwibia chakula pale getini, wakamlia ndizi mbele ya macho yake, wakamfunulia ugali. "Wale si wanyamapori," alikuwa anasema. "Wale ni vibaka tu, wamekosa mahabusu." Ukimkumbusha kwamba sheria inawalinda nyani nao, anakohoa na kubadili mada.

Tembo nao aliwapenda mpaka walipomlia mahindi. Mwaka huo walishuka usiku wakapitia shamba lake lote, wakaacha mabua yamelala kama mkeka. Asubuhi Babu Geti alisimama katikati ya shamba akawatukana tembo mmoja mmoja, mama zao na mashangazi zao, akataka serikali iwapakie kwenye malori ya miwa ya Kidodi iwapeleke Dodoma wakale bajeti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni yake kukawa na mkutano wa kijiji, vijana wanasema tembo wapigwe, na nani akasimama kuwatetea? Yeye! Mdomo uleule wa asubuhi. "Mahindi yangu yameliwa, mimi sijaliwa," akasema. "Wewe uliyeliwa nusu heka unapiga kelele ya kuliwa mguu?" Mtu hana aibu kabisa.

Na huyu mtetezi wa simba na tembo alikuwa, akimwona kinyonga, anapanda mwenyewe juu ya stuli. Kinyonga! Mdudu anayetembea kama mgonjwa aliyetoka wodini. Bibi Geti ndiye aliyekuwa anamwondoa kwa ufagio, polepole, huku mumewe juu ya stuli akitoa amri: "Usimwumize! Lakini umpeleke mbali! Mbali zaidi! Yule anarudi yule!"

Sasa nije kwenye wanyama wake wenyewe, wale wa kutunga.

Mlima wetu wakati ule ulikuwa bado na msitu juu, na msituni kulikuwa na mbega, wale weusi wenye mashuka meupe mabegani. Kulikuwa na digidigi, kanga, ndezi, na wengine tuliowasikia tu. Watoto wa kiume walikuwa na manati, vijana walikuwa na mitego ya waya, na wakubwa walikuwa na utupa, ile dawa ya majani ya kutwanga unayomwaga mtoni samaki wakaelea wamelewa. Babu Geti hakuwa na bunduki, hakuwa na cheo, hakuwa na mshahara tena. Alikuwa na mwanzi na mdomo. Akatumia mdomo.

Kwanza akamtoa Mamnuso. Huyu alikaa msituni juu, hana macho, uso mzima ni pua. Ananusa mpira. Ukipanda mlimani na manati mfukoni, Mamnuso anajua tangu uko kwenye migomba, anashuka nyuma yako taratibu anakunusa kisogo, na ukigeuka humwoni, ila tangu siku hiyo kila chakula utakachokula kitakuwa na ladha ya mpira wa tairi. Watoto wa kiume wakaanza kuacha manati nyumbani. Nilimwona kaka yangu mwenyewe, jitu zima la darasa la saba, anafukia yake chini ya jiwe na kunawa mikono kwa majivu.

Mtoni akamweka Kichwangoma. Kichwa ngoma, mwili samaki. Ukimwaga utupa, anapiga ngoma chini ya maji, na tumbo lako linaitikia ngoma ile mpaka unavimba. Bahati yake nzuri, kuna mzee mmoja alikula samaki wa utupa akaharisha wiki nzima, na Babu Geti akapita nyumba hadi nyumba akiuliza kwa upole kama kuna mtu amesikia ngoma.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa Shangazi Bangili. Huyu alikuwa wa vijana. Ni mwanamke mrefu, hana meno ya mbele, amevaa waya zote za mitego aliyoing'oa, kuanzia kiganjani mpaka kwapani, akitembea analia cheng'e cheng'e. Yeye haui mtu. Anachumbia. Akikuta mtego wako, anautoa, anauvaa, hiyo kwake ni pete, na kuanzia hapo wewe ni mume wake. Atakuja na ndugu zake kuhamia kwako. Jamani, vijana waliokuwa hawaogopi nyoka, hawaogopi askari, hawaogopi jela, waliogopa kuolewa na Shangazi Bangili. Upepo ukitikisa bati la nyumba, mtu anaruka kitandani akidhani harusi imefika.

Wakubwa walisema hawaamini. Mwalimu wetu wa sayansi alisimama darasani akatangaza kwamba viumbe hivyo havipo duniani, ni ujinga mtupu, na anayeamini atapata sifuri. Siku iliyofuata nilimwona mwalimu yuleyule akipita kwenda shambani kwake mlimani, ameinua mikono miwili juu, vidole vimetanuliwa, kumwonyesha mtu asiyekuwepo kwamba hajabeba kitu.

Mimi nilijua ni uongo, au nilijua nusu. Nilikuwa namkamata. Jana Mamnuso alikuwa na miguu minne, leo ana miwili.

"Babu, jana ulisema minne."

"Jana alikuwa amechoka, akatembelea yote."

Na nilijua jambo jingine pia. Shule yetu iliwahi kupata gari la kutupeleka Mikumi kuona wanyama, na yeye akachaguliwa awe kiongozi wa msafara, si ndiye mtaalamu? Alivaa kofia yake, akakaa mbele karibu na dereva. Tulipofika getini kijana aliyekuwa zamu akainua gogo, na Babu Geti akamsahihisha jinsi ya kulishika. Tukaingia. Akaanza kunyamaza. Tulivyozidi kwenda ndani ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tulipofika mahali tembo wengi wanaoga matope na watoto wao, alinishika mkono.

"Babu, yule mkubwa ndiye uliyemtoa mwiba?"

Akanitazama. "Mjukuu wangu," akaninong'oneza, "mimi huku sijawahi kufika."

Miaka yote ile! Alikuwa amewaona wale wanaovuka barabara ya lami, na nyani wake, basi. Magari aliyoyafungulia yalikuwa yanaingia na watu wenye kamera shingoni, yeye anabaki na gogo. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Lakini tuliporudi na kuteremka tu mbele ya watu akaanza kusimulia jinsi tembo walivyomkumbuka.

Sasa siku ya kakakuona.

Mvua ya vuli ilikuwa imechelewa, watu wana hofu, na mama mmoja akamkuta kakakuona shambani kwake, amejikunja kama mpira wa magamba. Kwetu kakakuona akionekana si jambo la mtu binafsi. Ni mnyama wa utabiri. Anapelekwa ofisi ya kijiji, anawekewa vitu mbele, na atakachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka. Akienda kwenye mahindi ni shibe. Akienda kwenye panga, vita. Akienda kwenye maji, mvua. Shule ikafungwa tukaachiwa tukaone. Mtendaji wa kijiji alikuwa amevaa suti ambayo nilidhani ni ya harusi tu.

Wakamweka uwanjani juani. Wakapanga beseni la maji, mahindi, jembe, panga. Mwalimu wa sayansi, yuleyule wa sifuri, akaleta daftari ili tujue matokeo ya mtihani. Vijana wakatandika jezi mbili za timu za Dar. Mtendaji akaweka muhuri wa ofisi, sijui alitaka kutabiriwa nini. Tukangoja. Kakakuona akajikunjua kidogo, akatoa kile kichwa chembamba, akanusa, akaanza kutembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikusanya kifuani kama mzee anayesubiri zamu hospitalini. Akaelekea kwenye maji.

Vigelegele! Watu wa milimani walirukaruka. Mvua hiyo! Lakini watu wa bondeni, ambao mto Mkondoa ulikwisha waingilia nyumbani ukaondoka na kuku, vitanda na magunia, hawakupiga kigelegele hata kimoja.

"Hayo ni mafuriko!" akapaza sauti mzee mmoja wa bondeni. "Anakwenda kwenye beseni zima! Toeni!"

Wakalivuta beseni. Kakakuona akasimama. Watu wa milimani wakasema huko ni kuharibu utabiri, wakalirudisha. Kakakuona akaanza tena kulifuata. Watu wa bondeni wakalivuta, wakashauri litumike kikombe badala ya beseni, mvua iwe ya wastani. Ukazuka ugomvi wa kikombe na beseni, watu wazima wenye wajukuu, na mnyama yule anageuka huku, anageuka kule, kila akikaribia maji yanaondoka. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Mwisho akachoka, akajikunja palepale mchangani.

"Mama," nikasema, "ana kiu."

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Lakini Mama, ana kiu tu."

Aliyekuwa nyuma yetu alikuwa Babu Geti. Alinisikia. Alipasua watu kwa viwiko mpaka katikati, akainua mkono.

"Simameni hapo hapo! Mnajua huyu ni mfugo wa nani?"

Akawazungukia kwa macho.

"Huyu ni wa Shangazi Bangili. Ndiye anayemlindia mlango. Na hivi ninavyosema, Shangazi yuko njiani anamfuata. Mpeni maji, mkamrudishe mlikomtoa, kabla hajafika."

Loo, niliona jinsi uongo mzuri unavyofanya kazi. Vijana wote walirudi hatua nyuma. Mtendaji akachukua muhuri wake. Mtu mmoja akageuka kutazama mlimani, kisha wengine wote wakatazama. Mimi nikafurahi, nikasema moyoni, Babu kashinda.

Ndipo mwanamume mmoja, baba wa watu, mtu mpole tu tunayemjua, akainama akaokota lile panga la utabiri.

"Kama anamfuata," akasema, "basi tummalize sasa hivi tumfukie. Akifika hakuti kitu. Hana madai."

Na watu wakakubali! Hawakupiga hata kelele, waliitikia tu kwa vichwa, kama watu wanaokubaliana kufunga duka mapema. Hofu ileile iliyowakataza kutega waya ndiyo ilikuwa inawatuma kuua. Nilimgeukia Babu Geti. Alitazama panga. Alitutazama sisi watoto, tuliokuwa mstari wa mbele. Alijua atakachopoteza, na mimi nilijua, nikaogopa, maana hata mtoto anaweza kuona mtu akisimama kwenye njia panda.

Akavua kofia.

"Hakuna Shangazi Bangili," akasema.

Watu hawakuelewa.

"Hayupo. Nimemtunga. Mamnuso hayupo, Kichwangoma hayupo. Nimewatunga nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu. Bibi yenu ni shahidi."

"Ni kweli," Bibi Geti akaitikia kutoka nyuma. "Jina la Kichwangoma nilimpa mimi."

"Na simba hajawahi kuniamkia. Mimi nilikuwa nafungua geti. Kufungua na kufunga. Sasa weka panga chini, baba, hakuna anayekuja. Ni mnyama tu, na amekauka koo."

Kikaanza kicheko kimoja upande wa vijana. Vikawa viwili, kikawa cha uwanja mzima. Walicheka kwa hasira, walicheka kwa aibu, watu waliokuwa wananawa majivu na kupita na mikono juu. Walimwita kila jina. Mwenye panga naye alicheka, na panga likashuka, kwa sababu mtu hawezi kukata kitu huku anacheka hivyo. Katikati ya kelele ile Babu Geti alichukua beseni, hakuna aliyemzuia, akakaa chini mchangani, akavua koti akalitandaza juu ya mikono yake kumwekea kivuli mnyama, akangoja. Alingoja mpaka watu walipochoka kumcheka. Magamba yakaanza kufunguka. Ulimi ukatoka, mrefu, mwembamba, ukawa unaingia na kutoka majini haraka haraka. Nililia, sisemi uongo.

Mchana gari la hifadhi likaitwa, askari wakamchukua vizuri, wakampeleka porini. Mtendaji akapigwa picha ameshika beseni, picha ile ikabandikwa ofisini kwake: kiongozi mpenda wanyama. Mvua ilipokuja baadaye, watu wa milimani walisema si tulisema, na watu wa bondeni nao wakasema si tulisema.

Mimi nilimwuliza siku zilizofuata. "Babu, kwa nini uliwaambia? Sasa hakuna atakayeogopa."

Alikuwa ananoa jembe. "Ningefanyaje? Yule alikuwa mbele yangu. Wanyama wengine walikuwa mlimani."

Akarudi kwenye jembe lake.

Na kweli hawakuogopa tena. Likizo iliyofuata manati zilifukuliwa. Mitego ya waya ikarudi, na safari hii vijana waliitega wakiimba kwa dhihaka, "Shangazi njoo, mahari tayari." Utupa ukamwagwa mtoni mchana kweupe, samaki wakaelea mpaka wale wachanga wasiofaa hata kukaangwa. Babu Geti alijaribu kumleta mnyama mpya, mwenye mabawa ya ngozi na sauti ya mama mkwe. Watoto wakamwuliza, "Huyu kampa jina nani, wewe au Bibi?" Wakaruka mwanzi wake wakapita. Siku moja tulikuta mwanzi wenyewe umevunjwa vipande, watu wameupikia maharage.

Serikali na wahisani walituletea elimu, tusiseme hawakuleta. Ilikuja semina, tukakaa chini ya turubai, tukanywa soda, tukapewa fulana nyeupe zenye picha ya tembo na maneno ya kulinda urithi wetu. Fulana nzuri, haziishi rangi. Nilimwona kijana mmoja anashuka mlimani amevaa tembo kifuani na mbega wawili begani, amewafunga mikia. Akamwamkia Babu Geti kwa adabu kabisa, "Shikamoo Babu." Babu Geti akaitika marahaba. Angefanya nini, aitike vinginevyo?

Mbega walikuwa wanatuamsha alfajiri kwa ule mngurumo wao. Sijui ni lini tuliacha kuamka nao. Mtu huamka tu siku moja, akajua kwamba siku nyingi ameamshwa na jogoo.

Miaka imepita, mimi naishi Morogoro, nauza vitenge, nina binti yangu wa miaka minane ambaye hujibu mtu kabla hajamaliza swali. Juzi hapa nilikwenda naye nyumbani kumsalimia mama, na mama akasema, Babu Geti bado yupo, nenda ukamwone, macho yamekwisha lakini mdomo mzima.

Tulimkuta kibarazani, amejikunja, mfupi kuliko nilivyomwacha. Bibi Geti alikuwa anapukuchua mahindi. Nikampigia goti shikamoo, akanitambua kwa sauti, akafurahi, akamvuta binti yangu karibu. Na hata hakungoja chai. Akaanza.

"Mjukuu, umesikia habari za Mamnuso? Anakaa kule juu. Hana macho, uso mzima ni pua..."

"Hayupo," binti yangu akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimetafuta." Alikuwa na simu yangu mkononi, kashaandika. "Hakuna kitu kama hicho, Babu."

Nilitaka kumzaba kibao, lakini Babu Geti alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mama yake mtupu," akasema. "Haya, nitafutie kakakuona."

Akamtafuta. Picha zikajaa kwenye kioo: magamba, kichwa chembamba, mikono imekusanywa kifuani. Binti yangu akaitazama moja kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaipunguza.

"Huyu naye ni wa kutengeneza," akasema. "Wa kompyuta. Siku hizi wanatengeneza hata paka wa mabawa. Ona, ana magamba ya samaki na anatembea kama mtu."

"Huyo ni wa kweli," Babu Geti akasema. Hakuwa anacheka tena. "Huyo nimemnywesha maji mimi, kwa mikono hii."

"Mama, ananidanganya, eti?"

"Hadanganyi," nikamwambia. "Nilikuwepo. Nilikuwa mtoto kama wewe."

Akamtazama Babu, akanitazama mimi, kama mtu anayejua watu wazima wawili wamepanga kumchezea. Kisha akanirudishia simu na kusimama, akajipangusa vumbi la gauni.

"Haya, mlima si ule pale? Twendeni mkanionyeshe mmoja."

Bibi Geti akaacha kupukuchua. Babu Geti aligeuza uso kuelekea mlimani, ingawa haoni, akafungua mdomo. Nilingoja. Tangu nimfahamu mtu yule hajawahi kukosa la kusema, na nilimwomba Mungu aseme chochote, hata uongo, hata mmoja mdogo. Akafunga mdomo.

"Vaa viatu," nikamwambia mwanangu. "Tutachelewa gari."